Pumzi Niliyopewa Shimoni

Samuye, alasiri

Mwanangu Minza,

Nawasikia huko uani, wewe na mama yako, mkibishana juu ya karanga. Yeye anataka ubebe debe zima, wewe unasema ndani ya treni hakuna nafasi. Sitaingia katika ugomvi huo. Mambo ya nguo, ya chakula, ya marafiki wa kuchagua na wa kuepuka, amekwisha kukuambia yeye, shangazi zako wamerudia, na padri naye amesema yake. Kwangu limebaki jambo moja tu, na kwa kuwa mdomoni litanishinda, nimechukua kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika. Kisukuma changu ni cha kusema tu, na leo kusema hakuniwezekani.

Tangu ukiwa mdogo umeniona nikikaa asubuhi kando ya njia, miguu nimeikunja, mikono iko magotini, sisemi na mtu. Ulikua ukidhani baba wote hufanya hivyo. Siku moja ukarudi kutoka shuleni ukaniuliza kwa nini baba wa rafiki yako hakai, nami nikakujibu kwamba kila mtu ana tabia yake. Jibu lile lilikuwa la uvivu. Ulistahili kuelezwa, na sasa unakwenda Dar es Salaam kusomea uuguzi, mahali ambapo nadhani utalihitaji jibu lenyewe kuliko karanga za mama yako.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni nilipokwenda Geita. Vita vya Wazungu vilikuwa vinaelekea kwisha, mvua zilikuwa zimetukataa, na vijana wengi wa hapa walikuwa wanakwenda kwenye migodi ya dhahabu. Nami nikaenda. Kambini tulikuwa watu wa kila namna: Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, na wengine waliotoka mbali hata sikuelewa salamu zao. Nyapara alinipanga na mzee mmoja anayeitwa Feruzi, Mmanyema wa Ujiji, Mwislamu, mfupi, ndevu nyeupe. Kazi yake ilikuwa kusimamisha nguzo za miti zinazouzuia mwamba usishuke, na mimi nikawa wa kumbebea miti na kumshikia.

Mzee Feruzi hakuwa msemaji. Asubuhi, kabla hatujashuka, alikuwa akikaa juu ya sanduku la vyuma vyake, amefumba macho, midomo haitikisiki. Vijana walisema mzee analala na mshahara anaupokea. Walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilikuwa na nguvu za mikono, na niliamini kwamba mtu mwenye mikono kama ile hana haja ya kukaa kimya.

Siku mwamba uliposhuka hatukusikia onyo lolote. Kulikuwa na kishindo, halafu upepo wa vumbi ulionibwaga chini, halafu giza ambalo sijaliona tena na sitaki kuliona. Taa zetu zilizimika. Nilipapasa mbele nikagusa mawe. Nikapapasa nyuma nikagusa mawe. Basi nikaanza kupiga kelele, Minza. Nililia kama mbuzi anayechinjwa, nikayapiga yale mawe kwa ngumi mpaka ngozi ikatoka. Zile alama unazoziona kwenye vidole vyangu, ambazo nilikuwa nakwambia niliumwa na fisi, ndizo hizo.

Katikati ya kelele zangu nikasikia jina langu likiitwa, si kwa nguvu.

"Luhende. Kaa chini," alisema Mzee Feruzi. "Hewa iliyomo humu ni yetu sote wawili. Ukipiga kelele unakula yako na yangu."

Nikakaa. Alikuja akitambaa mpaka akanigusa bega, akauchukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo langu mwenyewe. Akaniambia kwamba hewa ikiingia nijue imeingia, ikitoka nijue imetoka, na kwamba hiyo ndiyo kazi yangu ya siku ile. Nikamwuliza, na mwamba je? Akasema mwamba tuwaachie walioko nje, wao ndio wenye sururu. Yeye alikuwa akimtaja Mungu ndani ya pumzi zake, kama walivyomfundisha masheikh wa kwao, lakini hakunilazimisha. Alisema kwamba kwa kuwa mimi sina neno hilo, pumzi yenyewe inatosha.

Nilijaribu. Pumzi mbili tatu zilikwenda vizuri, kisha mawazo yakakimbia nyumbani. Nikamwona mama yako akipewa habari. Nikakuona wewe ukikua bila kuijua sura yangu. Sikusema kitu, lakini mzee alisikia namna pumzi yangu ilivyobadilika.

"Umekwenda wapi?" aliniuliza.

"Nyumbani."

"Rudi."

Alisema hivyo bila kunikemea, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula. Sijui aliniambia rudi mara ngapi humo ndani. Sijui hata tulikaa muda gani, maana shimoni hakuna jua. Hofu haikuondoka, na sitaki uje kudhani kwamba iliondoka. Ila ilikoma kunipanda kichwani. Ilikaa pembeni yangu, na mimi nikakaa, na Mzee Feruzi akakaa, mpaka tukasikia sururu upande wa pili. Wenzetu wawili waliokuwa wametangulia mbele yetu hawakutoka hai. Kila asubuhi ninapokaa huanza kwa kuwataja.

Nilipoacha kazi ile, mzee alinisindikiza mpaka mahali lori linapopakia watu. Yeye pia alikuwa anarudi kwao Ujiji. Aliniambia nisingoje mwamba mwingine ndipo nikumbuke kukaa. Nikae kila siku, hata siku njema, hasa siku njema. Nikaitikia, nikampa mkono, nikapanda lori. Sikumwona tena. Nilijaribu kumtafuta kwa kuwauliza watu wa treni waendao Kigoma, hakuna aliyemfahamu. Kila jambo jema lililotokea katika nyumba hii baada ya hapo lina mkono wake, naye hajui.

Nilimwitikia, lakini sikufanya. Nilirudi Samuye nikijiona nimepona kwa sababu nilikuwa natembea. Kumbe shimo nililiacha Geita kwa miguu tu. Usiku sikuweza kulala chini ya paa. Kila nikifumba macho nasikia udongo unamwagika. Nikahamia zizini, nikalala na ng'ombe, nao walinivumilia. Mchana mama yako akitwanga mtama, mchi ukigonga kinu naruka. Wewe ulikuwa ukija kunishika mguu kwa nyuma, kama watoto wanavyocheza, nami nageuka kwa ukali hata unaanguka chini kwa woga. Baadaye ukaacha kuja. Ukawa unanitazama kutoka mlangoni, umeshika nguo ya mama yako.

Nilikwenda kwa nfumu, mganga wetu wa jadi, akanipa dawa za kuoga na za kufukiza. Nilikwenda Shinyanga mjini kwenye zahanati, wakanipa vidonge. Nilikwenda kwa padri, akaniombea, na tena akanikalisha akaninywesha chai. Simsemi vibaya hata mmoja wao. Kila mmoja alinipa alichokuwa nacho, na kwa siku chache nilipata nafuu. Ila usiku ulirudi kuwa uleule.

Nilikumbuka maneno ya mzee asubuhi moja nikikamua. Ng'ombe alikuwa anatikisika, hataki kusimama, nikagundua kwamba ni mimi ninayetetemeka na yeye anaipata kutoka mikononi mwangu. Nikaweka kibuyu chini. Nikakaa palepale kwenye samadi, nikaweka mkono tumboni.

Tangu siku hiyo nikawa naamka mapema, naenda nyuma ya zizi kwenye lile jabali pana, nakaa. Nilijificha. Niliona aibu, mwanamume mzima kukaa bila jembe wala fimbo, akisikiliza pumzi yake. Na nilikosea mengi. Mwanzoni nilitaka kuyafukuza mawazo kwa nguvu, na kadiri nilivyoyafukuza ndivyo yalivyozidi. Nilikunja uso, nilibana meno, nikatoka pale nimechoka kuliko mtu aliyelima. Kuna siku nilikata tamaa nikaacha wiki nzima. Mpaka nilipokuja kuona kwamba kazi hii naijua tangu utoto wangu, kwa maana nimechunga. Ndama akiacha njia akaingia shamba la mtu, ukimpiga atakimbilia mbali zaidi. Unamfuata taratibu, unamrudisha njiani, na akitoka tena unamrudisha tena, na hakuna mchungaji anayekasirika kwa sababu ndama ni ndama. Mawazo nayo nikayafanyia hivyo. Yakienda, nayarudisha kwenye pumzi. Hakuna zaidi ya hapo, Minza. Padri analiita tafakuri, Mzee Feruzi alikuwa na jina lake la Kiarabu. Mimi naita kukaa.

Usingizi ulirudi kidogokidogo. Siku moja nikaingia ndani nikalala kitandani mpaka alfajiri. Nilipofumbua macho wewe ulikuwa umesimama karibu yangu, umeweka kidole chako chini ya pua yangu, unaangalia kama natoa hewa. Nilikaa vilevile, sikutikisika, ili usiogope. Ukapanda ukalala kifuani kwangu. Nimepata mengi baada ya hapo, lakini hilo sijapata mfano wake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wakubwa wa hapa hawalizungumzi mbele ya watoto. Kule kujificha kwangu kulinigharimu. Unajua zizi la jirani yetu Jilala liko ng'ambo tu ya lile jabali. Mwaka ule ng'ombe wake walianza kufa, mmoja baada ya mwingine, na watu waliokuwa wanapita mapema kwenda kisimani walikuwa wameniona nimekaa peke yangu gizani, sisemi, uso nimeuelekeza kwake. Huku kwetu unajua watu hufikiri nini wakiona hivyo. Maneno yakaanza. Watu wakawa wananijibu salamu wakiwa wanapita, hawasimami. Kisha mwanangwa, mkuu wa kijiji aliyewekwa na mtemi, akatuma mtu kuniambia nifike barazani.

Ni hapo tu nilipomweleza mama yako. Yeye alikuwa ameshahisi kitu. Alikuwa ananiona natoka, kitanda kinapoa, na hakujua kama nakwenda kwa mwanamke au kwa mambo mabaya zaidi. Nilimsimulia yote, shimo, giza, Mzee Feruzi, pumzi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia neno moja, kwamba ningemwambia mapema angekuwa ananiwekea ngozi ya kukalia. Kosa langu lilikuwa hilo, mwanangu. Kukaa kwangu hakukuwa na ubaya wowote. Kukaa kwa siri, ndani ya nyumba ya mtu anayekupenda, ndiko kulikokaribia kutuvunja.

Barazani nilikuwa mtu asiye na ulimi. Jilala alisimama akaeleza habari za ng'ombe wake, na alieleza kwa uchungu wa kweli, hakuwa anatunga. Mwanangwa akanigeukia akaniuliza nakwenda kwenye jabali kufanya nini.

"Napumua," nikasema.

Watu wakacheka, na kicheko chao hakikuwa kizuri. Wengine walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba nihame. Nilijua maana yake. Mtu akihamishwa kwa neno lile, neno linamfuata hata huko aendako, na mtoto wake analirithi. Nilikutazama wewe ukiwa mapajani mwa shangazi yako nikahisi lile vumbi la shimoni linarudi kooni.

Mama yako akasimama. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusema pale, na alisimama kwanza kimya, mpaka kelele zikapungua. Akawaambia kwamba mume wake alirudi kutoka mgodini hawezi kulala ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akasema, mlimwona akilala zizini mkapita, hamkuuliza. Mtoto wake alimkimbia, mkaona, hamkuuliza.

"Sasa analala ndani," alisema. "Mtoto anamlalia kifuani. Kama huo ndio uchawi, Mwanangwa, mimi naomba aendelee nao."

Hakuna aliyecheka. Mwanangwa akamung'unya midomo yake, kama ilivyokuwa tabia yake. Mwisho akasema kwamba jambo lisilo baya halihitaji giza. Kama nataka kukaa, nikae mbele ya nyumba yangu, kando ya njia, jua likiwa limetoka, kila apitaye anione. Na kuhusu ugonjwa wa ng'ombe, akaamuru mabwana mifugo wapelekewe habari. Walikuja, wakawachoma sindano ng'ombe wa kijiji kizima, na vifo vikakoma.

Ndivyo nilivyofika pale unaponiona. Siku za kwanza zilikuwa ngumu kuliko jabalini. Watu walikuwa wanapunguza mwendo makusudi waniangalie. Watoto waliniiga, wakikaa mstari mzima mbele yangu na kuvuta pumzi kwa vishindo. Shimoni nilijifunza kutulia na hofu. Njiani nikajifunza kutulia na aibu, na nakuambia kweli, ya pili ni ngumu zaidi. Lakini sikuwa peke yangu. Kesho yake tu baada ya baraza mama yako alitoka na ungo wa karanga akakaa karibu yangu, akimenya. Wapitao njia wakamsalimu, mwangaluka mayu, naye akawaitikia, kana kwamba sisi wawili tumekaa hivyo tangu tuoane. Baada ya muda alikuja bila ungo. Nawe ukawa unakaa katikati yetu mpaka unasinzia. Hukumbuki, lakini masomo yako yalianzia hapo.

Ndiyo maana masika haya sikushangaa kama walivyoshangaa wengine. Unajua siku ninayosema. Mto ulikuwa umejaa, mkwe wa Jilala ameshikwa na uchungu, njia ya kwenda zahanati imefungwa na maji, bibi mkunga amechoka, nawe umeingia kumsaidia. Mimi nilikuwa nje na wanaume. Tulisikia yule binti anapiga kelele, kelele ninazozijua, za mtu aliyefungiwa pande zote. Kisha tukasikia sauti yako, si kwa nguvu, unamwambia avute hewa pamoja nawe, aitoe pamoja nawe. Kila akipotea, unamwambia, rudi. Sikuwahi kukufundisha neno hilo. Nilishika nguzo ya nyumba ya Jilala. Kelele zikawa pumzi, na baadaye mtoto akalia.

Asubuhi ile ulilala mpaka jua likapanda, kwa hiyo hukuona. Jilala alikuja njiani akasimama mbele yangu. Nilidhani ana neno. Alitazama huku na huku, kisha akakunja miguu yake mibovu, akaketi chini kwenye vumbi kando yangu, na tukakaa. Hakuomba msamaha, na mimi sikuwa naungoja.

Huko uendako utaona watu wakifa, Minza. Wengine utakuwa umewaosha na kuwalisha asubuhi. Mikono yako itatetemeka, na utaona haya, na utataka kuwaficha wenzako kwamba unatetemeka. Tafuta mahali, hata kama ni ngazi za nyuma za hospitali, ukae kidogo. Usitafute kuwa jiwe. Mimi sikuwa jiwe hata siku moja, na wagonjwa hawahitaji jiwe. Na ukipata mtu wa kumweleza, mweleze mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Nakushukuru. Naliandika hili wazi kwa sababu baba wa huku hawana mazoea ya kuwaambia watoto wao. Nakushukuru kwa kidole kile chini ya pua yangu. Nakushukuru kwa kurudi kunikaribia, kwa sababu ungeweza kuogopa maisha yako yote na nisingekulaumu. Namshukuru mama yako, ambaye hatasoma barua hii, lakini nitamwambia leo kabla hajalala. Na huyo mzee wa Ujiji namshukuru kila siku, akiwa hai au akiwa kwa Mola wake.

Sasa mmenyamaza huko uani, nadhani mmekubaliana nusu debe. Nimeweka kalamu nikajaribu kukaa kidogo ili nimalize vizuri. Nimeshindwa. Pumzi inakwenda mbio, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia kutoka Shinyanga, na kila nikiyarudisha mawazo yanakwenda kwako. Leo nimeyaacha yaende. Kesho stesheni ukimwona baba yako analia mbele za watu, usidhani amesahau aliyoyaandika.

Mimi baba yako,
Luhende